Tangaza na Bao Tulilofungwa

Mwaka 2025 ulituchukulia watangazaji wawili. Tarehe 7 Februari alifariki Leonard Mambo Mbotela wa Kenya, akiwa na miaka 84. Mwezi Mei akamfuata Charles Hilary wetu. Kila mwenye simu aliandika rambirambi, na neno likawa moja tu: sauti. Sauti ya dhahabu, sauti ya pekee, sauti ambayo haitatokea tena. Nami nilihuzunika kama wengine. Lakini nilijiuliza: hivi kweli tuliwapenda watu hawa kwa ajili ya makoo yao tu?

Sauti mtu huzaliwa nayo. Ukiwa huna, huna. Kama siri yao ilikuwa sauti, basi sisi tunaoandika hatuna la kujifunza kwao, tuwazike twende zetu. Mimi nasema lipo la kujifunza, tena ni lile lile linalokosekana katika hadithi nyingi tunazoandika, zangu zikiwamo. Ndiyo maana nimeomba nafasi katika kurasa hizi kumhakiki mtangazaji wa mpira kama tunavyomhakiki mtunzi: fani, maudhui na dosari. Anayeona mpira si fasihi avumilie kidogo.

Nitamshika zaidi Mbotela, na sababu ni ya kijiografia. Nimezaliwa Mbaga, Upare ya kusini. Kwa asiyefika huko: gari likitoka Same mjini huzunguka upande wa mashariki, hupita Kisiwani, ndipo huanza kupanda. Ukifika juu ukageuka nyuma, chini unaona mbuga ya Mkomazi imelala, na mbele ya mbuga, kule kwenye vumbi, ni Kenya. Mpaka tuliuona kwa macho kila siku, ila redio ya babu haikuujua. Jioni Dar es Salaam ilikuja ikikoroma. Nairobi ilikuja safi, kama jirani anayeita nje ya ua.

Redio yenyewe ilikuwa ya bendi tatu, na betri zake zilianikwa juani pamoja na kahawa ili zipate nguvu za dakika tisini. Babu hakuwahi kuingia uwanja wa mpira wenye majukwaa, si Dar es Salaam wala Nairobi. Mpira wote alioujua, ukiacha ule wa shule, ulitengenezwa kwa maneno.

Fani

Tuanze na jambo ambalo watangazaji wa redio walilifanya kila mechi na sisi tunaliona dogo. Kabla kipenga hakijapulizwa, mtangazaji alikuambia timu gani inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia mwa redio yako. Mwa redio yako! Yaani alichukua uwanja mzima akauweka juu ya kigoda cha babu. Sisi watoto tuligombana: kulia ni kwa redio inavyotutazama, au ni kwa sisi tunavyoitazama? Babu alikata shauri, akabandika punje mbili za maharage upande mmoja, zikawa lango la Misri au lango la Uganda, kutegemea siku. Kuanzia hapo mpira ulionekana.

Sasa chukua hadithi tano za waandishi chipukizi uzisome. Mhusika anaingia chumbani, lakini mlango uko wapi? Anamtazama mpenzi wake, amesimama au ameketi? Tunaambiwa moyo ulidunda, machozi yalitiririka, giza lilitanda. Hatuambiwi mpira uko kwa nani. Mtangazaji wa redio akitangaza hivyo, dakika ya tano watu wanazima.

Jambo la pili ni mwendo wa sentensi. Mpira ukiwa katikati ya uwanja Mambo alikuwa na nafasi ya kukusimulia habari, ya kumtaja mchezaji na anakotoka, hata ya kusalimia. Mpira ukikaribia lango sentensi zilikatika, yakabaki majina na vitenzi. Hakuna mwalimu wa fasihi aliyenifundisha taharuki vizuri kuliko hivyo. Sisi tunafanya kinyume: jambo likifika pabaya ndipo tunapoanza kumwaga tamathali za semi. Mtu anapigwa kisu, mwandishi anatafuta tashbiha.

La tatu ni adabu kwa aliyechelewa. Kila baada ya dakika kadhaa mtangazaji mzuri alirudia: dakika ni ya ngapi, nani anaongoza, kwa mabao mangapi. Alijua yuko mtu aliyetoka shambani sasa hivi, ambaye hana hatia ya kuchelewa. Mwandishi anayejificha ili aonekane mzito angejifunza hapa. Kumweleza msomaji alipofika hakumvunjii mtu heshima.

Hiyo ndiyo fani. Hata hivyo mtu anaweza kuwa na yote hayo akabaki mpiga domo tu.

Dosari

Nitaanza na kasoro kabla ya kufika kwenye kiini, maana marehemu hahitaji uongo wetu.

Mambo alitia chumvi. Wako Wakenya waliokuwa wakitaniana kwamba mpira wa Mambo Mbotela ulikuwa mtamu kuliko mpira wenyewe, na kwamba aliyekuwa uwanjani na aliyekuwa redioni hawakuona mechi moja. Shambulio ambalo uwanjani lilikuwa la kawaida, redioni lilikuinua kwenye kiti. Mkwaju uliopita mbali na lango ulisikika kana kwamba umechubua mwamba. Hili ni kosa? Kwa mwanahabari, ndiyo. Kwa msanii, inategemea chumvi imetiwa wapi.

Nimelifikiri sana jambo hili, na jibu langu ni kwamba chumvi iliwekwa kwenye mwendo na joto, haikuwekwa kwenye idadi. Kama ni moja kwa sifuri, ilikuwa moja kwa sifuri. Mtunzi ana ruhusa ya kuufanya mvua uwe mkubwa kuliko ulivyokuwa. Hana ruhusa ya kubadili nani alifungwa.

Dosari ya pili si yake peke yake. Wengi walioiga watangazaji hawa walichukua mbwembwe wakaacha kazi. Leo mechi nyingi tunazitazama, na mtangazaji anajua kuwa tunaona, basi anajaza muda kwa misemo na vijembe. Vingine vinachekesha sana, sikatai. Lakini zima picha ubaki na sauti, uone kama utajua mpira uko wapi.

Maudhui

Watani wetu husema kwamba Mpare akiona kesi inapita barabarani ataisimamisha apande. Wacha waseme. Ukweli ni kwamba babu yangu hakusikiliza mpira, alisikiliza ushahidi. Alikuwa mtu wa mabaraza, na redio aliiweka kizimbani.

Mjomba wangu husimulia fainali ya Kombe la Chalenji ya mwaka 1981. Ilichezwa Dar es Salaam, na Kenya ikaifunga Tanzania moja bila. Mimi nilikuwa mdogo, sikumbuki kitu. Mjomba anasema babu alikuwa akizungusha kitufe, mara Dar, mara Nairobi. Huku bao lilikuwa msiba, huku lilikuwa harusi. Wazee wakanyamaza wakimngoja babu atoe hukumu. Akasema, "Mashahidi wawili, wa pande mbili, bao moja. Limefungwa." Akazima kuokoa betri.

Hapo ndipo ninapoona maudhui ya kazi hii. Mtangazaji huaminika siku anapotangaza bao la adui. Bao la timu yako hata mlevi wa kilabuni atalitangaza. La adui linakutaka umeze mate, useme jina la mfungaji kwa usahihi, useme dakika, halafu uendelee kutangaza huku ukiwa nyuma, na kila anayefungua redio umwambie tena: tumefungwa.

Mimi nilishuhudia hilo mwaka 1987, Michezo ya Afrika ilipofanyika Nairobi. Fainali ya mpira ilikuwa kati ya Kenya na Misri, katika uwanja mpya wa Kasarani. Mbotela ni miongoni mwa sauti zinazokumbukwa kwa mechi ile. Sisi watoto wa Mbaga tuliishangilia Kenya bila kuulizana, kwa sababu sauti ile ilikuwa ya jirani yetu. Misri ikashinda moja bila. Maneno aliyoyatumia siyakumbuki, na nikiyaandika hapa nitakuwa nayatunga. Ninachokumbuka ni chumba. Babu alibandua zile punje za maharage akazirudisha kwenye bakuli, na hakuna mtoto aliyesema tumeonewa. Tulikuwa tumeambiwa jinsi ilivyokuwa, na tuliamini, maana aliyetuambia alionekana kuumia kuliko sisi.

Sasa turudi nyuma miaka mitano, tarehe 1 Agosti 1982. Askari wa jeshi la anga la Kenya walijaribu kupindua serikali. Walimfuata Mbotela nyumbani alfajiri, wakampeleka kituoni Sauti ya Kenya kwa mtutu wa bunduki, wakamtaka atangaze kwamba serikali ya Moi imeanguka. Akatangaza. Siku hiyo hiyo askari watiifu kwa serikali walikikomboa kituo, na sauti ile ile ikasikika ikisema Moi bado yupo madarakani. Mwenyewe aliisimulia habari hii mara nyingi maishani mwake.

Watu huisimulia kama kioja. Mimi naiona kama uhakiki mkali kuliko wowote aliowahi kufanyiwa. Wale askari walikuwa na bunduki na mitambo, wangeweza kusoma tangazo wenyewe. Walichokosa ni kuaminiwa. Kuaminiwa hakukuwa ghalani wala kwenye kambi, kulikuwa kwa mtu mmoja aliyeanza kazi pale mwaka 1964 akawa anawaambia watu matokeo kwa miaka 18. Walikuja kumkopa kwa nguvu. Na wazee wetu wa baraza wasingemlaumu: ushahidi uliotolewa mtu akiwa ameelekezewa silaha haumfungi aliyeutoa.

Nje ya mpira pia alikuwa mtu yule yule. Kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? kilianza mwaka 1966, kikadumu zaidi ya miaka 50. Kilihusu tabia zetu za kila siku, zile ambazo mtu anazifanya mbele za watu huku akijiona muungwana. Ukikisikiliza vizuri, kilikuwa utangazaji wa mabao tunayofungwa sisi wenyewe, nyumbani kwetu, bila refa. Hakutukana mtu. Aliuliza swali, akamwachia msikilizaji aibu yake.

Asije mtu akasema haya ni ya Kiafrika tu. Mwezi Juni 2024, huko Ireland, alifariki Mícheál Ó Muircheartaigh. Alizaliwa mwaka 1930 katika mkoa wa Kerry, akaanza kutangaza michezo ya jadi ya kwao mwaka 1949, kwa lugha ya Kiairishi, akastaafu mwaka 2010. Miaka 61! Lililonivutia si urefu wa miaka. Katika miaka ya 1970 na 1980 mzee huyu aliwafanyisha mazoezi wachezaji wa Kerry waliokuwa wakiishi Dublin, kisha Kerry ikiingia uwanjani alikaa kwenye kipaza sauti. Fikiria kocha wa Simba ndiye anayetangaza mechi ya Simba na Yanga! Hapa kwetu kingechimbika. Lakini watu wa mikoa mingine walimsikiliza na wakampenda. Kuwa na upande hakukumwondolea kuaminiwa, kwa sababu upande wake ukifungwa alisema umefungwa, na mfungaji akamsifu kwa jina lake na la kijiji chake.

Na Charles Hilary? Mzaliwa wa Zanzibar, tulimpata Redio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1980, tukamfuata Radio One, akaenda Ujerumani Deutsche Welle, akaenda BBC London, akarudi nyumbani Azam. Kwa wengi wa rika langu yeye ndiye aliyetuonyesha kuwa Kiswahili kinaweza kukimbia bila kujikwaa. Mwishoni mwa maisha yake alikuwa msemaji mkuu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Ni kazi halali, na mtu huchagua apate wapi riziki. Ila kwa uhakiki lazima tutofautishe. Msemaji ana timu, na kazi yake ni kuisemea timu. Mtangazaji anaweza kuwa na timu moyoni, lakini kinywa chake ni cha msikilizaji. Kijana akichanganya mambo haya mawili, akadhani kuwa na sauti nzuri ni kutafuta wa kumsemea, hatakuwa mtangazaji wala mwandishi. Atakuwa mpambe.

Yangu mwenyewe

Nisijifanye refa. Miaka michache iliyopita niliandika hadithi kuhusu huyo mjomba wangu. Ni fundi redio, ana kibanda karibu na stendi ya Same, na ndiye aliyeifungua redio ya babu akaifunga tena labda mara hamsini. Katika hadithi nilimpamba. Mkarimu, mcheshi, mikono ya dhahabu, vumbi la Same linamtua begani kama maua. Rafiki zangu wa kundi letu la uandishi waliisifu. Sisi tunasifiana, hiyo mnaijua: leo wewe unasema yangu inagusa, kesho mimi nasema yako inagusa.

Nikampelekea mwenyewe. Aliisoma akiwa ameegemea meza yenye redio tatu zilizofunguliwa matumbo. Akaivua miwani.

"Mjomba," akaniambia, naye huniita hivyo hivyo, "umeniandika vizuri. Lakini mbona hukutangaza lile bao?"

Nikajifanya sijui. Nilijua. Bibi alimpa fedha za kahawa za msimu mzima ateremke nazo Same alipe deni la dukani na ada ya mdogo wake. Alirudi siku ya nne, mikono mitupu. Bibi hakusema neno. Mdogo mtu hakuendelea na shule, na huyo mdogo mtu ni mama yangu.

"Lile halikuwa la kuandika, mjomba," nikasema.

"Mbaga nzima waliliona," akasema. "Mtu wa kule akisoma hii, akifika pale akakuta umeruka, ataamini nini kingine humu? Hata hiyo mikono ya dhahabu hataiamini. Na mikono ninayo kweli."

Nimekaa na maneno hayo muda mrefu. Nilikuwa nimedhani ninamlinda, kumbe nimemfanya shahidi asiyeaminika katika kesi yake mwenyewe. Yale mazuri yake yote, ambayo ni ya kweli, niliyaharibu kwa kuficha moja.

Kwa hiyo ninaposema hadithi zetu nyingi hazina bao la adui, ninajua ninachosema. Tunaandika mama ambaye hajawahi kukosea, kijiji ambacho ubaya wote umeletwa na mgeni kutoka mjini, mpenzi aliyeachwa bila kosa lake hata kidogo. Mshairi anaandika juu ya nchi kama anayeomba kazi. Na uhakiki wetu, hata katika magazeti madogo kama hili, ni vigelegele. Kisha tunalalamika kuwa watu hawasomi. Watu hawajaacha kusoma kwa uvivu tu, ndugu zangu. Wamesikiliza dakika kadhaa, wamegundua timu yetu haifungwi kamwe, wakazima redio.

Hadithi ya mjomba nimeiandika upya. Safari hii mlango wa kibanda upo mahali pake, meza iko kulia mwa anayeingia, na fedha za kahawa zimo, na siku nne zimo. Mama nilimsomea kwanza, maana bao lilimwingia yeye. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimeandika pia kwamba baadaye mjomba aliuza baiskeli yake ili anirudishe mimi shuleni nilipofukuzwa kwa ada. Nilikuwa nimesahau. Nimeiongeza.